Hodi Tatu Ndani ya Santuri

Bwana Vioja hakuwa na maji, kwa kuwa glasi yake ilikuwa imepinduka juu ya meza ya studio. Hakuwa na sauti, kwa kuwa koo lilimkauka ghafla. Hakuwa na mke wa kumpoza moyo, wala akiba ya kumtunza siku akipoteza kazi. Hakuwa na pa kutokea, kwa kuwa studio ilikuwa na mlango mmoja tu, na katika mlango huo alisimama mtu. Zaidi ya yote hakuwa na ushahidi.

Na taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza.

Msomaji uliyekuwa nasi juma lililopita unamjua aliyesimama mlangoni. Wewe uliyekuja leo, sogea karibu, nikueleze upesi kabla huyo mama hajafungua mdomo.

Bwana Vioja ni mtangazaji wa kipindi cha redio kiitwacho Vioja vya Santuri. Ndiye aliyewaambia watu kwamba ule wimbo wa mapenzi unaopigwa kwenye kila arusi, mtunzi wake alikuwa akiililia pikipiki yake iliyoibwa. Ndiye aliyefichua kwamba kwaya moja nzito, iliyotikisa redio enzi zile, ilikuwa ndugu watatu walioimba, wakarudia, wakarudia tena, mpaka wakawa umati. Ndiye aliyesema kuna mwimbaji aliyeshindwa kabisa kurekodi wimbo wa mvua mpaka alipofunguliwa mwavuli ndani ya studio. Watu walicheka, wakapiga simu, wakaomba vingine.

Kisha akaugusa wimbo wa Nani Mlangoni Mwangu.

Wimbo huo hata mtoto anaujua. Mwimbaji wake, Malkia, anaimba, "Nani mlangoni mwangu?" halafu zinasikika hodi tatu, ngo, ngo, ngo, na ukumbi mzima hupiga miguu chini. Miaka yote watu wameamini kwamba hodi zile ni kazi ya mpiga ngoma. Mpiga ngoma mwenyewe amejipatia jina kwa hodi hizo, anaitwa Ngongongo, na jina hilo limeandikwa mpaka kwenye mlango wa gari lake.

Bwana Vioja akatangaza kwamba ile si ngoma. Ni mpiga tarumbeta wa bendi, aliyefungiwa chooni, akigonga atolewe.

Sentensi haijapoa, mlango ukafunguliwa, akaingia Malkia mwenyewe.

Alikuwa peku, viatu ameshika mkononi. Bangili zake alikuwa anazivua na kuzitia kwenye mkoba, moja moja, bila haraka. Ndivyo wanavyoingia studio watu wa zamani: kila kinacholia huvuliwa mlangoni.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Umefika chooni. Endelea."

"Shikamoo, mama."

"Sijaja kuamkiwa." Alivuta kiti, akakinyanyua badala ya kukiburuta, akakaa mbele ya maikrofoni kama mtu aliyerudi jikoni kwake. "Unasema mpiga tarumbeta alifungiwa. Unajua alikuwa nani wangu?"

Bwana Vioja hakujua. Hilo nalo hakuwa nalo.

"Alikuwa mchumba wangu. Tulimwita Mapafu, kwa jinsi alivyokuwa akipuliza. Siku ya kurekodi wimbo wangu mkubwa, zamu yake ikafika, tarumbeta halikulia. Tulipomaliza nikauliza yuko wapi, nikaambiwa ametoka na tarumbeta lake. Mpaka leo hajarudi. Hakufungiwa, mwanangu. Alinikimbia. Wewe unakiita kioja. Mimi nimekiishi."

Simu ya studio ikalia. Bwana Vioja aliishika kama mtu anayeshika kamba ya kumwokoa.

"Haloo, ni Ngongongo hapa," sauti ilinguruma. "Hodi zile nilizipiga mimi. Mikono yangu hii hii. Sasa kama zilitoka chooni, jina langu nililipata wapi, huko huko?"

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alichanganyikiwa. Alitaka kuweka wimbo wowote uzibe pengo. Akabonyeza. Ukatoka ule ule. "Nani mlangoni mwangu?" Ngo, ngo, ngo. Malkia alifumba macho, na vidole vya miguu yake peku vikagonga zulia mara tatu bila yeye kujua.

Ofisini kwa Mkuu wa Vipindi mambo yalikuwa mafupi. Mkuu huyu ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye tabia ya kuchonga penseli wakati anakukaripia, na siku hiyo penseli ilikuwa imekaribia kwisha.

"Hayo ya chooni alikwambia nani?"

"Mjomba wangu, bosi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mitambo siku ile."

"Huyu mjomba ambaye nilimsalimia akanijibu kuhusu bei ya mkaa?"

"Masikio yamechoka, bosi. Kumbukumbu bado."

"Sikiliza. Kabla ya taarifa ya habari ya jioni niletee ushahidi. Ukikosa, njoo na karatasi ya kuomba radhi uisome kwa mdomo wako. Ukishaisoma, kipindi kimekwisha. Kuna bwana wa utabiri wa nyota anaitaka sana saa yako."

"Bosi, utabiri wa nyota?"

"Yeye akikosea hakuna anayekuja kumdai."

Malkia alikuwa akisubiri kwenye korido, ameshavaa viatu. "Niletee huyo mjomba wako nyumbani," alisema. "Nataka aniambie machoni."

Mjomba alikutwa barazani akitengeneza pasi. Mtu huyu alikaa maisha yake yote na visikilizio masikioni, akisikiliza bendi za kila namna, na sasa ukitaka akusikie inabidi usimame mbele yake na kupanua mdomo. Ukimwonea huruma atakujibu kwamba masikio hayakumharibikia, aliyatumia yakaisha.

"Malkia anakuita," Bwana Vioja alimwambia.

"Nani amelia?"

"Malkia. Anakuita. Kwake."

Mjomba aliweka bisibisi chini. Aliingia ndani akatoka na koti. "Nilijua siku moja ataniita," alisema. "Sikujua nitakuwa kiziwi kiasi hiki. Labda ni nafuu."

Nyumba ya Malkia ilikuwa kimya kuliko nyumba zote ulizowahi kuingia. Miguu ya viti ilikuwa imevishwa vipande vya mpira. Chini ya friji paliwekwa gazeti lililokunjwa ili isingurume. Ukutani palikuwa na santuri yake iliyopakwa rangi ya dhahabu, nayo ilikuwa imebandikwa kwa gundi, si kutundikwa, isije ikagonga ukuta.

"Umenenepa," Mjomba alisema.

"Na wewe umekonda. Kaa. Kisha useme mbele ya mpwa wako ulichomdanganya."

"Sikumdanganya."

Bwana Vioja alitia mkono mfukoni, akawasha kinasa sauti chake kidogo. Ushahidi ukitokea, usimpite.

Mjomba akaeleza, na mimi nitakufupishia, maana yeye hueleza kama anavyotengeneza pasi, kwa kufungua kila skrubu.

Enzi zile maikrofoni ilikuwa moja. Watu walipangwa kwa ukali wa sauti zao: mwimbaji puani mwa maikrofoni, gita nyuma yake, ngoma ukutani. Tarumbeta lilikuwa kali kupita vyote, kwa hiyo mpigaji wake aliwekwa nje ya chumba, ndani ya choo cha koridoni, kwa sababu vigae vyake viliipa sauti mwangwi mtamu. Mlango wa choo ulifungwa. Zamu yake ikifika, alifungua mwenyewe, akapuliza, akafunga.

"Hivyo tu," Mjomba alisema. "Siku hiyo zamu ikafika, mlango haukufunguka. Akagonga mara tatu. Halafu akanyamaza, maana ni mwanamuziki, anajua tepu inazunguka. Na wewe ulikuwa umetoka kuuliza nani mlangoni. Nilipata baridi mgongoni. Nikasema hapa sisimamishi mashine hata nyumba iungue."

Malkia hakutikisika. "Na kwa nini mlango haukufunguka?"

Mjomba aliangalia zulia. "Mama, hilo unalijua wewe."

"Mimi nalijuaje?"

"Kishikio cha mlango ulikichukua wewe."



"Mtazame," Malkia alimwambia Bwana Vioja. "Amezeeka vibaya. Mimi na kishikio cha choo wapi na wapi?"

"Nilikuona na kikapu," Mjomba alisema. "Ukakitoa, ukakitia. Na asubuhi ile mlikuwa mmegombana, bendi nzima ilisikia. Ulimwambia, leo hilo tarumbeta lako halitanifunika. Baadaye nilipomfungulia, akaniuliza nani kachukua kishikio. Nikamwambia ukweli. Akavaa kofia akaenda. Nikasema huu ni ugomvi wa wachumba, mimi fundi mitambo niingilie nini? Kazi yangu ilikuwa kusikiliza."

Malkia alishika mikono ya kiti. Alisimama. Alikwenda chumbani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hatua zake zilisikika.

Alirudi na kopo kubwa la biskuti.

"Mimi ndiye niliyekuwa mdogo katika bendi," alisema taratibu, akimwambia nani sijui. "Kazi ya kikapu ilikuwa yangu. Kabla ya kurekodi, mpiga besi anapiga noti moja nzito, mimi nazunguka nikisikiliza ni kitu gani kinatetemeka. Saa ya ukutani, natoa. Vijiko, natoa. Funguo za watu mifukoni, natoa. Siku ile nilirudisha vya wenyewe. Vilivyobaki nikaviweka humu. Ni ukumbusho tu."

Alilifungua kopo, akamimina juu ya meza, juu ya kitambaa ili visilie. Kulikuwa na vijiko vya chai. Kulikuwa na kengele ya baiskeli, na kipini cha dirisha. Na kulikuwa na kishikio cha mlango, cha shaba, kimechakaa, na katikati yake tundu la mraba.

"Hiki siku zote nilidhani kimetoka kwenye ngoma," alisema.

Mjomba alikichukua, akakigeuza mkononi. "Ndicho," alisema. "Kilikuwa kimelegea, kinalia kama njuga. Nilipokwenda kumfungulia nilikuta tundu tupu. Nikachungulia, nikaona jicho lake upande wa pili linanitazama. Jicho la mtu mwenye hasira, mama, likiwa peke yake, linatisha. Nikachokoa kwa bisibisi, mlango ukafunguka."

Malkia alikaa. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Kwa hiyo hakunikimbia."

"Alikukimbia. Lakini baada ya kufungiwa."

"Na aliyemfungia ni mimi."

Bwana Vioja, msomaji wangu, alikuwa na kila kitu. Asubuhi hakuwa na ushahidi, na sasa ulikuwa mezani, unang'aa. Sauti ya fundi mitambo ilikuwa kwenye mashine, na ya Malkia mwenyewe juu yake. Angeingia kwa Mkuu wa Vipindi na kukaa kabla ya kuambiwa akae. Bwana wa nyota angebaki na nyota zake.

"Umewasha kitu mfukoni," Malkia alisema.

"Mama?"

"Nasikia kinavyozunguka. Zima."

Angeweza kukataa. Nakwambia hivyo kwa sababu wako wasomaji wanaodhani shujaa hutenda mema bila kuumia. Huyu alimwona bwana wa nyota amekaa kwenye kiti chake, akiwaambia watu wavae kijani siku ya nne ya juma. Vidole vyake vilikaa juu ya kile kitufe kwa muda.

Kisha akazima. Akatoa kanda, akaiweka mezani kando ya vijiko.

"Utapoteza kazi," Malkia alisema.

"Ninajua, mama. Lakini kioja hiki mwenyewe hajakisikia. Siwezi kumsimulia mtu wa sokoni kabla ya Mapafu."

Malkia alimtazama kwa jicho la mtu anayepima kama uzi utapita kwenye tundu la sindano. Akavuta droo, akatoa karatasi.

"Tutafanya hivi. Yeye kwanza, nchi baadaye. Akijibu, nitakuja mwenyewe kwenye kipindi chako nieleze, tena nitaimba. Asipojibu, utaniomba radhi na tutaacha hapo. Umekubali?"

"Nimekubali. Ila anwani yake tutaipata wapi?"

"Ninayo kichwani. Anafundisha watoto kupuliza, mji wa mbali. Nimeandika bahasha zake nyingi, zote zikaishia kuwashia jiko."

Bwana Vioja alimpigia simu Mkuu wa Vipindi kutoka sebuleni.

"Nimepata ushahidi, bosi."

"Safi. Ulete."

"Siwezi kuutumia."

Ilisikika penseli ikivunjika. "Rudia hapo."

"Mpaka mtu mmoja aruhusu. Nimemwahidi Malkia."

"Na yeye anasemaje?"

Malkia alinyosha mkono, akachukua simu. "Anasema mkipe kipindi chake juma moja," alisema, akakata bila kungoja. Wakubwa wa zamani walikuwa na adabu zao, lakini hawakuwa na muda.

Aliandika huku akisema maneno kwa sauti, kama mtu anayejaribu beti. "Nisikilizeni kama inakaa vizuri."

"Sisikii," Mjomba alisema.

"Wewe sikukuuliza."

Barua ilikuwa hivi:

*Mapafu. Aliyekufungia ni mimi, na sikujua. Kishikio kilikuwa kinalia, nikakitoa kama nilivyoitoa saa ukutani. Miaka yote hii nilikasirika kwamba umenikimbia, kumbe na wewe umekasirika kwamba nilikufungia. Tumekaa na hasira mbili kwa sababu ya mlango mmoja. Nisamehe. Nakurudishia kishikio. Ukitaka kunijibu, jibu. Usipotaka, kifunge kwenye mlango wowote wa nyumba yako, bado ni kizima.*

"Inakaa?" aliuliza.

"Inakaa, mama," Bwana Vioja alisema.

Bwana Vioja na Mjomba walifika posta ikikaribia kufungwa. Karani wa dirishani alikuwa ameshavaa mkoba begani. Aliipima bahasha ya kaki kwa kiganja.

"Ndani kuna nini?"

"Barua."

"Barua gani ina mfupa?"

"Na kishikio cha mlango."

Karani alimtazama. "Mlango wenyewe unakuja kesho?"

"Dada, tafadhali. Ni haraka."

Karani alimsukumia gundi. Bwana Vioja aliifunga bahasha mwenyewe, akabana ukingo kwa dole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia. Kipindi chake kilikuwa mle ndani. Kazi yake ilikuwa mle ndani, na sauti ya Malkia, ambayo hakuna aliyeisikia ikiimba tangu aache jukwaa.

Karani alichukua muhuri. Huku akiimba wimbo puani, bila hata kufikiri, akagonga: ngo, ngo, ngo.

"Huo wimbo," Bwana Vioja alisema.

"Nani asiyeujua?" alisema karani, akaitupa bahasha kwenye gunia lililo nyuma yake.

Wakati huo huo Mjomba alikuwa na matatizo kwenye mlango wa posta. Alikuwa akivuta kishikio ili atoke, na nje mtu mwingine alikuwa akivuta kishikio ili mlango usifunguke, maana mizigo yake ilikuwa imeegemea hapo. Wakavutana hivyo, huyu ndani, yule nje, hakuna anayemwona mwenzake. Ghafla Mjomba akaachia. Aliinama, akakitazama kishikio alichokuwa amekishika. Akapitisha kidole pale kinapoingia mlangoni. Akarudi dirishani akitembea upesi kuliko umri wake.

"Mpwa. Usiitume."

"Nini tena?"

"Mlango una vishikio viwili. Cha nje na cha ndani. Kile cha kopo ni cha nje, nilikishika mwenyewe, kina tundu tu. Kile chuma cha katikati, kinachoviunganisha, hubaki na cha ndani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Malkia alichukua cha nje. Mtu aliye ndani angefungua kama kawaida." Mjomba alishusha sauti, jambo ambalo viziwi hawajui kulifanya, na posta nzima ikasikia. "Mimi nilichungulia nikaona jicho lake. Cha ndani kingekuwa mahali pake, ningeona chuma. Kilikuwa kimetolewa. Na mle ndani alikuwamo Mapafu tu. Alijifungia mwenyewe."

Bwana Vioja aligeuka kwa karani, mkono umeshapita dirishani.

"Dada, ile bahasha ya kaki. Naomba niirudishe."

Karani alitazama nyuma yake. Pale palipokuwa na gunia palikuwa na sakafu. Nje, nyuma ya ukuta, gari la barua lilikohoa mara moja, likawaka, likaondoka.